Kabla Fundi wa Hita ya Sola Hajapanda Paani

Baridi ya Nairobi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo hututia hamu ya kuweka hita ya maji ya sola, na ndiyo hutufanya tuamue kwa pupa. Mtoto analia bafuni, shawa ya umeme inakula tokeni, na fundi unayempigia simu anakutajia bei hata hujamaliza kumweleza nyumba iko wapi. Mimi nilimkubali fundi wa namna hiyo. Leo namwambia kila anayeniuliza: anayetaja bei kabla ya kuuliza maji yako yanatoka wapi, mshukuru na umwache aende.

Wengi wetu hatutumii maji ya aina moja. Siku ya mgao yanafika ya kaunti, yale ya bwawa la Ndakaini, na sabuni inatoa povu upesi. Siku nyingine tunanunua bowsa la maji ya kisima, na huku kwetu upande wa Utawala na Ruai maji hayo mara nyingi yana chumvi. Fungua birika lako la umeme utazame chini. Ukiona ukoko mweupe unaokwanguka kwa ukucha, ujue ukoko huohuo utajijenga ndani ya hita, mahali usipoweza kukwangua. Kwa maji kama hayo, ulizia hita ambayo maji ya kuoga hayapiti kwenye paneli kabisa: kuna kimiminika chake maalum kinachozunguka juani, kisha kinapasha tangi joto kwa nje. Bei yake iko juu, ila kwa maji ya chumvi mimi singenunua nyingine. Muulize fundi pia kuhusu kijiti cha magnesiamu kilicho ndani ya tangi la chuma. Kijiti hicho huliwa polepole ili tangi lisiliwe, kwa hivyo akuonyeshe kinafunguliwa wapi na akwambie kitakaguliwa lini.

Halafu kuna huo mgao wenyewe. Hita nyingi za bei nafuu zina mirija ya kioo ambamo maji yenyewe hukaa, na yangu ilikuwa hiyo. Tangi la maji baridi lilikauka Jumatano, mirija ikabaki mitupu juani. Alhamisi saa saba mchana maji yakarudi, yakaingia baridi kwenye kioo kilichokuwa na moto mkali. Nilisikia mlio kama wa glasi ikianguka sakafuni, kisha mwingine, kisha maji yakaanza kuchuruzika kwenye mabati. Mirija mitatu ilipasuka mchana huo. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba hita iliyokauka hujazwa alfajiri au usiku, kioo kikiwa kimepoa, na koki ya kufungia maji ilikuwa juu paani nisikoweza kufika bila ngazi. Basi kabla ya kukubaliana, muulize fundi: maji yakikatika siku tatu, nifanye nini? Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi. Na koki iwekwe chini, unapoifikia ukiwa umevaa kandambili.

Fundi apande apime kwa macho yake. Tangi la lita 200 likijaa ni kilo 200 za maji peke yake, bado chuma na fremu, kwa hivyo aingie darini akague kenchi na aone uzito utaegemea ukuta gani. Kama hita haitumii pampu, tangi lako la maji baridi lazima likae juu zaidi ya tangi la hita, la sivyo maji yatakuja kwa kudondoka. Nyumba nyingi hudai mnara wa tangi la maji baridi uinuliwe, na gharama hiyo ndiyo huachwa nje ya bei ya simu. Aangalie kivuli pia. Ploti tupu ya jirani leo, mwakani ni ghorofa sita. Kuhusu ukubwa, hesabu kama lita 40 au 50 kwa kila mtu nyumbani.

Julai mawingu yanaweza kukaa siku nzima, kwa hivyo utahitaji koili ya umeme ya kusaidia jua. Hapo ndipo mabomba yanapokutana na umeme, na mimi sikubali fundi wa mabomba aunganishe nyaya. Mafundi wa umeme hupewa leseni na EPRA, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Omba namba ya leseni uithibitishe. Koili iwe na swichi yake kwenye boksi la umeme na waya wa ardhi, na tangi liwe na vali ya kutoa presha. Mabomba ya maji moto yawe ya plastiki aina ya PPR yaliyoandikwa kuwa ni ya maji moto, yafunikwe sponji hadi bafuni. Bomba la PVC la maji baridi hulegea.

Bei iandikwe kitu kwa kitu: hita na modeli yake, fremu, mabomba, kazi, na dhamana ya tangi itenganishwe na dhamana ya kazi. Lipa kwa awamu, kupitia till ya biashara wala si namba ya mtu, na udai risiti. Awamu ya mwisho baki nayo mpaka kesho yake. Zima koili usiku, uamke saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapanda, ufungue maji moto bafuni. Yakitoka ya kuogea mtoto, mtumie fundi pesa zake.