Kusali na kumeza dawa, jinsi ya kwenda navyo vyote viwili

Kwanza kabisa usiache dawa ati kwa sababu umeombewa ukajisikia mwepesi, dawa nyingi za sonona (ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) huchukua wiki kadhaa ndo zishike vizuri na ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukapotea na hali ikarudi palepale. Sali, meza, havigombani.

Ukitaka kufunga ongea na daktari kabla, hasa kama unatumia lithiamu, ile dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka mno, maana maji yakipungua mwilini dawa inajikusanya kwenye damu na inaweza kugeuka sumu, na dini nyingi zinamruhusu mgonjwa asifunge kwa hiyo usijione mkosaji.

Siku mbaya sala ya sentensi moja inatosha jamani. Ibadani nenda hata ukae nyuma kimya, kule kuonana na watu tu mi naona ni nusu ya tiba.

Kiongozi akikwambia unaumwa kwa kukosa imani, tafuta mwingine. Na ukijikuta unarudia sala ileile mara 20 kwa hofu haikukubaliwa, hiyo mwambie daktari, huenda ni ugonjwa umevaa kanzu ya dini. Mawazo ya kujiua yakija usisubiri ibada ijayo, mwambie mtu saa hiyohiyo akupeleke hospitali.