SOMO: Kupima mishipa ya mapafu kwa mgonjwa wa skleroderma (someni kabla hamjaja inbox)

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne, naandika mara moja. Skleroderma ni ugonjwa unaokakamaza ngozi na kuharibu mishipa ya damu, hapa tunatafuta kama presha ya mishipa ya mapafu imepanda. Kazi yangu ni kupima mapafu, habari za dawa waulizeni madaktari wenu.

1. Muulize: pumzi inakata akipanda ngazi? Kashawahi kuzimia? Miguu inavimba?

2. Akae kwenye joto kwanza, kama nusu saa.

3. Oksijeni. Hapa ndo niliumbuka. Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ile, nikamtembeza mama mmoja koridoni dakika sita na klipu ya oksimita (kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu) kidoleni, mara inasoma asilimia 79, nikapiga kelele, kiti cha magurudumu kikaja, mtungi ukaja, binti yake analia, mama mwenyewe ananitazama tu, "kwani mwanangu kuna nini?" Vidole vyeupe kama chaki. Mwenzangu akaleta klipu ya sikio: 96. Hawa watu baridi ikipiga mishipa ya vidole inajibana, damu haifiki, mashine inabahatisha. Tumia klipu ya sikio kwenye ndewe, au kile kifaa cha paji la uso, SIO kulazimisha ya kidole. Na mawimbi kwenye skrini yakiwa yamelala, namba usiiandike!

4. DLCO, yaani hewa inavyovuka kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Lazima urekebishe kwa Hb (wingi wa damu), maana wengi wanavuja damu tumboni, na damu ikipungua kipimo kinashuka hata mishipa ikiwa mizima. Kikishuka huku FVC (hewa yote anayoweza kuipuliza nje) iko palepale, shuku mishipa.

5. NT-proBNP (kipimo cha damu kinachoonyesha moyo kuelemewa) na eko (ultrasound ya moyo). Kasi ya damu inayorudi nyuma kwenye vali ya kulia ya moyo ikizidi mita 2.8 kwa sekunde, peleka mbele.

6. Katheta (mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa) ya moyo upande wa kulia. Eko inashuku tu, hii ndo inathibitisha. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 ulishusha kikomo cha kusema presha ya mapafu imepanda, kutoka wastani wa 25 hadi zaidi ya 20 mmHg.

MASWALI

chuma_ulete: mkuu dada angu kidoleni inasoma 82 nimkimbize?
— Namba 3 umeisoma? Ila kama anahema kwa shida mkimbize, usingoje jibu langu.

mzee_kijana: Eko ya mwaka juzi ilikuwa safi, si basi?
— Sio basi. Kila mwaka, hata asipolalamika.

mama_z: Samahani kaka, kama vidole vinajibana na mapafu je? Mgonjwa akichovya mikono kwenye maji ya barafu si tutaona?
— Dada umeuliza swali. Watafiti wamefanya hivyohivyo, mikono kwenye baridi halafu wanapima DLCO, wengine wakaona inashuka wengine hawakuona kitu. Mwenye vidonda vya vidole utamtesa bure. Halafu presha ikishapanda mapafuni, mara nyingi ukuta wa mshipa wenyewe umenenepa, sio kujibana tu, ndo maana nifedipine (dawa ya kulegeza mishipa) inayowasaidia vidole huku huwezi kuitegemea.

chuma_ulete: sawa mkuu usikasirike, sikioni 95

bi_tanga: Na huku kwetu wanakuja na piko mpaka kwenye kucha, klipu haioni kitu
— Kweli kabisa, hata rangi ya kucha nyeusi. Hao nenda sikioni moja kwa moja, na ndewe uisugue kidogo kwanza ipate moto.