Mfuko wa jamii unaofika jikoni: mwongozo kwa vikundi vya hisa

Bei zikipanda, daftari la kikundi huonyesha mapema. Waliokuwa wananunua hisa tano wanashuka hadi moja, na foleni ya mikopo inarefuka. Mfuko wa jamii, ule wa mchango mdogo wa kusaidiana, upo, lakini katiba nyingi zimeupangia msiba na kulazwa tu, kwa hiyo aliyeishiwa unga tarehe 20 hana pa kukimbilia isipokuwa mkopo wa riba. Hatua hizi ni za kufungua dirisha la pili, yaani mkopo mdogo usio na riba wa chakula na dharura za nyumbani, ndani ya mfuko huohuo bila kuufilisi.

Mifano yote ni ya kikundi cha watu 25 kinachokutana kila wiki. Hisa moja ni Sh2,000, na mtu ananunua hisa moja hadi tano. Wekeni tarakimu zenu.

Hatua ya 1: Vifaa na karatasi

Sanduku la kufuli tatu, vitabu vya wanachama, mhuri na wino, bakuli mbili, mifuko miwili ya kitambaa yenye kamba, kikokotoo, kaunta buku. Washika funguo watatu watoke nyumba tatu tofauti, na asiwepo kati yao anayelala na sanduku.

Kikundi kinachokopeshana kiko daraja la nne katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018, na usajili unafanyika halmashauri. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba na muhtasari wa kikao.

Kuhusu simu: M-Koba, huduma ya kuweka akiba za kikundi kwa simu, na nyingine za aina hiyo zinawafaa watu wanaoishi mbalimbali. Kwa dirisha hili, pesa taslimu ni bora. Mtu anayeomba Sh20,000 ya chakula asikatwe makato ya kutoa, na wenzake waone kwa macho mfuko umebaki na kiasi gani.

Hatua ya 2: Mifuko miwili, rangi mbili

Mfuko mmoja ni wa hisa, mikopo na riba. Wa pili ni wa jamii. Rangi zisifanane hata kidogo: wa jamii mwekundu, wa mikopo mweupe, ili hata asiyesoma ajue kipi kimefunguliwa. Faini zinaingia ule wa mikopo au wa jamii kadiri katiba inavyosema, lakini chagueni mmoja, msibadilishe katikati ya mzunguko, yaani kabla ya siku ya mgao, mnapogawana akiba na faida.

Kosa linaloua vikundi ni "kuazima kidogo" kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kwa sababu siku hiyo waombaji ni wengi. Ukifanyika mara mbili, siku ya mgao hakuna anayejua faida halisi ni ipi.

Hatua ya 3: Hesabu ya kiasi (hapa msikimbie)

Viwango vya jamii huwa vinapangwa kwa kukisia: "Tutoe mia tano, mfiwa apewe elfu hamsini." Mwezi wa nne mfuko mtupu, na mfiwa wa tano anapewa pole ya mdomo wakati wenzake walipewa fedha. Anzeni na matukio, kisha ndiyo mje kwenye kiasi.

Kwanza andikeni ndugu wanaohesabika. Mwenza, watoto na wazazi, hao hawana ubishi. Ubishi uko kwa wakwe na ndugu wa tumbo moja. Mkiwaongeza wote, orodha ya mtu mmoja inatoka watu wachache hadi kumi na zaidi, na idadi ya misiba inapanda nayo. Amueni mapema pia haya mawili: mume na mke wakiwa kikundi kimoja, kifo cha mtoto wao kinalipwa mara moja au mbili? Na dada wawili wanachama wakifiwa na mama? Jibu lolote linafaa mradi limeandikwa kabla. Likiamuliwa siku ya msiba, litaamuliwa kwa machozi, na msiba unaofuata utadai vivyo hivyo.

Orodha ikishakamilika, mzungukie kila mwanachama kwa maswali mawili. Miezi 12 iliyopita umefiwa mara ngapi na mtu aliye kwenye orodha hii? Umelazwa, au kulaza mtu wa nyumbani kwako, mara ngapi? Jumlisheni. Tuchukue mfano wa misiba 6 na kulazwa 9.

Sasa mapato. Watu 25 wakitoa Sh500 kwa wiki 52 ni Sh650,000. Matumizi kwa viwango vilivyozoeleka: misiba 6 kwa Sh50,000 ni 300,000, kulazwa 9 kwa Sh30,000 ni 270,000. Jumla 570,000. Zinabaki 80,000 kwa mwaka mzima. Dirisha la pili halifunguki kwa fedha hiyo.

Kishawishi ni kupandisha mchango hadi Sh700. Usifanye hivyo. Sh700 inataka sarafu mbili au tatu, na watu wanakuja na noti ya elfu. Nusu saa ya kikao inaishia kwenye chenji, na chenji ndiyo inayomvuruga mhesabu fedha. Chagueni kiasi cha sarafu moja au noti moja: Sh500 au Sh1,000. Sh1,000 inaleta 1,300,000 kwa mwaka na inaonekana tamu, ila inalipwa na kila mtu kila wiki, hata yule ambaye dirisha hili linafunguliwa kwa ajili yake. Akishindwa wiki tatu mfululizo anaona aibu, anaacha kuja, na mmempoteza mliyetaka kumsaidia.

Ushauri wangu ni kubaki na Sh500 na kupunguza viwango: msiba Sh40,000, kulazwa Sh20,000. Hiyo ni 240,000 na 180,000, jumla 420,000. Zinabaki 230,000. Kupunguza rambirambi kutaleta kelele. Waonyesheni hesabu ubaoni, tarakimu kwa tarakimu, na kelele nyingi zitatulia.

Halafu wekeni kiwango kisichoguswa, sawa na misiba miwili: Sh80,000. Mfuko ukiwa hapo au chini yake, dirisha la pili limefungwa, awe nani anaomba. Mzunguko mpya ukianza na mfuko mtupu, mchango wa wiki ni 12,500, kwa hiyo wiki ya nane ndiyo mnafikisha 100,000 na kuweza kumpa mtu wa kwanza Sh20,000. Watu waambiwe hivyo siku ya kwanza, wasije wiki ya pili na mifuko ya unga.

Hatua ya 4: Masharti ya dirisha la pili

Ni mkopo usio na riba. Zile 230,000 zikigawiwa kama msaada wa Sh20,000, wanapata watu 11 na zimekwisha. Zikikopeshwa, Sh60,000 tu kati ya hizo inayozunguka kila wiki nne inahudumia watu watatu kila mwezi na bado ipo. Wanachama wasiogusa riba kwa sababu ya dini nao wanapata pa kukopea.

Masharti yanayoshika: kisizidi Sh20,000, kirudi ndani ya wiki nne, Sh5,000 kila kikao, mtu asichukue cha pili kabla ya kumaliza cha kwanza, waombaji wakiwa wengi, atangulie ambaye hajawahi kuchukua mzunguko huu. Matumizi ni chakula, dawa, nauli ya hospitali, mkaa au gesi.

Kodi ya nyumba isiingie. Mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu au sita, na Sh20,000 haimnyamazishi. Hiyo ni kazi ya mkopo wa kawaida. Sare na madaftari ya Januari pia yasiingie. Januari inajulikana tangu Januari iliyopita, na watu 15 watakuja siku moja na ombi moja.

Upande wa pili wa sharti hilo: chakula kisipelekwe kwenye mkopo wa riba. Sh60,000 kwa riba ya 10% kwa mwezi, ikikaa miezi mitatu bila kupunguzwa, inazaa Sh18,000. Mtu analipia unga ambao umeshaliwa, na hakuna biashara iliyozalisha fedha ya kuulipia.

Suala la aibu lina uzito kuliko linavyoonekana. Hakuna anayesimama mbele ya watu 24 kusema watoto wamelala njaa. Chagueni watu wawili, angalau mmoja mwanamke, wasiokuwa viongozi. Mwombaji anawaona kabla ya kikao na wao ndio wanaojua sababu. Kikaoni jina na kiasi vinasomwa na kuandikwa, maana fedha haitoki kwa siri, ila sababu haisomwi. Wawili hao wabadilishwe kila mzunguko, vinginevyo wanageuka wakubwa wa mtaa.

Hatua ya 5: Siku ya kikao

Jamii inatangulia, hisa baadaye. Katibu anauliza wanachama, bila kufungua daftari: "Wiki iliyopita mfuko wa jamii ulibaki na ngapi?" Watu wanajibu. Ndipo wahesabu fedha wanamwaga mfuko mwekundu kwenye bakuli na kuhesabu kwa sauti. Tarakimu zisipolingana, kikao kinasimama hapo.

Michango inafuata, kisha marejesho ya dirisha la pili, kisha maombi ya msiba na kulazwa, mwisho maombi ya dirisha la pili. Mpangilio huu usigeuzwe: mwenye njaa akipewa kabla ya mfiwa kusikilizwa, mnaweza kujikuta chini ya 80,000 mkiwa na msiba mezani. Hesabuni tena, tangazeni kilichobaki, wote wakirudie kwa sauti, fungeni kamba. Bakuli liwe tupu kabla mfuko mweupe haujaguswa.

Hatua ya 6: Asiyerudisha

Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili, wale watu wawili wanamtembelea. Baada ya wiki nne za ziada, deni linaandikwa kwenye kitabu chake na litakatwa kwenye hisa siku ya mgao. Msimtoze faini, mnaongeza mzigo kwa aliyeelemewa.

Hatua ya 7: Mgao

Thamani ya hisa ni fedha yote ya mfuko wa mikopo, gawanya kwa hisa zote. Fedha ya jamii haiingii hapa. Inavuka kwenda mzunguko mpya.

Panapokosewa ni kwa mdaiwa. Deni la mfuko wa mikopo linajumlishwa kwanza, ndipo mnagawanya. Tuseme kuna taslimu 9,603,000, na mama mmoja anadaiwa 120,000. Jumla ni 9,723,000. Hisa zote ni 4,180, thamani inakuja 2,326. Shusheni hadi 2,300 ili malipo yote yaishie kwenye mamia na msitafute sarafu ndogo. Mama ana hisa 190, sawa na 437,000. Toa 120,000, anaondoka na 317,000. Wengine wote wanalipwa kamili, na sandukuni zinabaki 109,000. Ziingizeni kwenye mfuko wa jamii: mzunguko mpya unaanza juu ya kiwango kisichoguswa na dirisha linafunguka wiki ya kwanza. Mngegawanya zile taslimu peke yake, kila hisa ingeshuka, kisha deni la mama likatwe tena juu yake.

Anayedaiwa jamii anakatwa kwenye malipo yake, na kiasi hicho kinarudi mfuko mwekundu palepale, hadharani.

Tarehe ya mgao ina uzito kuliko riba. Desemba ndiyo mazoea, na fedha inaishia sikukuu. Kwa mikoa ya msimu mmoja wa mvua, kama Mbeya, Iringa na Ruvuma, mahindi huwa rahisi baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, na huwa ghali Januari hadi Machi. Mgao wa Julai unamkuta mtu akiwa na fedha wakati gunia liko chini. Mnaobadilisha tarehe, fanyeni mzunguko mmoja mfupi wa miezi saba kutoka Desemba hadi Julai. Msiurefushe hadi miezi 19, watu watachoka.

Nunueni kwa pamoja, kwa kilo na mizani, siyo kwa gunia la lumbesa. Kabla ya kufunga, pimeni ukavu: chupa kavu ya glasi, chumvi kavu vijiko viwili, mahindi hadi theluthi moja. Tikiseni kwa dakika moja, acheni itulie robo saa. Chumvi ikishika kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Ikianguka yote chini, wekeni kwenye mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa: jazeni mfuko wa ndani huku mkishindilia, kamueni hewa, sokoteni shingo, kunjeni na kufunga kamba, kisha wa pili vivyo hivyo, mwisho kiroba cha nje. Mfuko ukitoboka na panya, wadudu wanapata hewa, kwa hiyo pangeni juu ya mbao, mbali na ukuta, na msifungue kila siku kuchota debe moja.