Taruma lililooza halitibiwi kwa rangi

Mbao za chombo haziozeshwi na bahari, zinaozeshwa na mvua. Nalitanguliza hili kwa sababu hapa Mikindani naletewa mashua ambazo wenyewe wamezikagua chini tu, palipozoea maji ya chumvi, kumbe uozo uko juu: kwenye vichwa vya mataruma, yaani mbavu za ndani zinazoshika mbao za chombo, chini ya dari (sakafu ya juu ya chombo), na kule tezi, yaani nyuma, ambako maji ya mvua hujikusanya yasipate pa kutokea. Kuvu inayokula mti inataka maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na hewa isiyotembea. Kule chini adui ni mwingine, yule mdudu anayetoboa mbao, na kinga yake ni deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa nje ya chombo.

Kazi hii ifanye wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mvua zikishakwisha, kuanzia Juni. Pandisha chombo kwenye kilele cha bamvua, siku maji ya bahari yanapojaa kupita siku nyingine. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo ukikifikisha juu siku hiyo, maji ya siku zinazofuata hayatakigusa. Kilaze mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, juu ya magogo mengi, si mawili ya mwisho tu, kisha kitie magadi, yaani miti ya kukiegemeza, pande zote mbili.

Sasa vuta uzi kutoka omo (mbele) hadi tezi, uukaze, upime kutoka kwenye uzi hadi mkuku sehemu kadhaa na uandike vipimo ubavuni kwa chaki. Uzi huo usiutoe mpaka umalize. Umbo la mashua ya zamani limeshikwa na mataruma. Ukitoa mawili yaliyopakana kwa pamoja, mbao za ubavu hujinyoosha, na mviringo ule ukishapotea ni vigumu mno kuurudisha. Toa moja, weka moja, ndipo uende la pili. Mwenye mali akikuharakisha, mkatalie kwa adabu.

Kutafuta uozo, gonga kwa nyundo ndogo ukisikiliza. Mti mzima hulia kwa sauti kali. Uliooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Penye shaka choma kwa bisibisi nyembamba. Ikizama bila kubishana, umepapata. Angalia sana pembeni mwa misumari: chuma kikiliwa na kutu, mti unaokizunguka huwa mweusi na mlaini, hata kama sehemu nyingine ni nzima.

Kutoa taruma usitumie mtaimbo, utapasua mbao unazotaka kuziokoa. Kata misumari kwa msumeno wa chuma, halafu lipasue taruma vipande vipande kwa patasi. Kama uozo uko kichwani tu, kata hadi kwenye mti mzima, kisha ongeza sentimita 30 hivi kufuata nyuzi za mti, maana kuvu hutangulia mbele ya pale jicho linapoona.

Kiungo ndicho roho ya kazi. Kikate mshazari, na kila sentimita 1 ya unene uipe 8 za urefu: taruma la sentimita 8 linataka mshazari wa 64. Nafasi isipotosha, usiufupishe. Acha kipande kizima mahali pake na uweke taruma pacha ubavuni mwake, lipite mbali chini ya palipooza, uyafunge pamoja kwa bolti na washa. Halipendezi macho, lakini linashika.

Mti wa taruma uchague uliopinda wenyewe, ili nyuzi zake zifuate mviringo. Ubao ulionyooka ukiuchonga kwa tezo, lile shoka la kuchongea, hadi upinde, nyuzi zimekatika, na utavunjika hapohapo siku ya wimbi. Kwa vipande vilivyonyooka mkongo ni mti mzuri sana kwetu. Mikoko usiikate bila kibali cha misitu.

Toboa kwanza kwa keekee, chombo cha kutobolea mbao, kila tundu. Tumia misumari iliyopakwa zinki, uizungushie chini ya kichwa pamba iliyolowa mafuta ili maji yasipenye. Usichanganye shaba na chuma. Ndani ya maji ya chumvi chuma kitaliwa upesi. Wengine huniuliza habari za epoksi. Ni nzuri kwenye mti mkavu kabisa, lakini ukiimwaga juu ya uozo wenye unyevu umeyafungia maji ndani, na kuvu inaendelea chini yake usiione. Kabla ya kufunga kipande kipya, paka sifa, yaani mafuta ya papa, sehemu zote zilizokatwa, hasa ncha, maana ncha ndizo zinazonyonya maji.

Mataruma yakishakaa, ndipo ufungue kalafati, ile pamba inayoziba nyufa kati ya mbao, ya mbao jirani na kutia pamba mpya. Usiishindilie mno: mbao zikivimba majini zitasukumana. Nje, chini ya mstari wa maji, paka deheni.

Tangu hapo osha dari kwa maji ya bahari, acha mifuniko wazi siku za jua, na mashimo ya kutolea maji yasizibwe na nyavu wala kamba.

Ukikishusha, usipakie kitu. Kiache kielee siku mbili huku ukikumba maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo. Yatapungua kadiri mbao zinavyovimba. Yasipopungua, fuata mbao moja moja kutoka ndani hadi ulione tone, ulitie alama ya chaki kabla hujakipandisha tena. Baada ya mwezi, zile bolti zikaze upya.