Paka kagoma mchanga wa dukani? Angalia kwanza anapokojoa

Umenunua mchanga wa paka wa bei, umepanda nao ngazi mpaka ghorofa ya nne, paka kaja kaunusa, kaukanyaga kwa mguu mmoja akaukung'uta, afu kaenda zake kukojolea nguo chafu. Usianze kumfokea, na ile tabia ya kumshika paka kumchovya pua kwenye mkojo wake achana nayo kabisa, haimfundishi kitu zaidi ya kukuogopa. Angalia tu kaenda kukojoa wapi, maana hapo ndo keshakujibu anataka nini.

Kama ni kwenye chungu cha maua, huyo ni wa udongo, mara nyingi unakuta amekulia uani au mtaani kabla hujamchukua. Kama ni godoro, zulia, au rundo la nguo, anataka kitu laini chini ya nyayo, zile chembe kubwa kubwa zinamuumiza. Kama ni bafuni kwenye vigae au ndani ya sinki, huyo hataki kufukia chochote, mwekee beseni tupu au utandike gazeti moja tu uone. Na kama anakojoa pembeni ya trei, au anapanda miguu ya mbele kwenye ukingo wa trei ili asiguse ndani, akimaliza anachomoka mbio bila kufukia, basi mahali anapakubali ila kilichomo ndo kinamkera, au ni pachafu.

Sasa kuna mawili hayahusiani na mchanga. Paka anayesimama wima, mkia unatetemeka, anarusha mkojo ukutani, huyo anaweka alama, na kwa dume dawa yake mara nyingi ni kuhasiwa. La pili ni la hatari: paka anaingia kwenye trei kila saa, anajikamua, vinatoka vitone au hakitoki kitu, analia, anajilambalamba huko chini. Hasa akiwa dume, njia inaweza kuwa imeziba na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo huyo ni wa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, habari za mchanga mtaongea baadaye.

Tukirudi kwenye mgomo wenyewe. Paka wa nyumbani asili yake ni paka pori wa Afrika, mnyama wa maeneo makavu, kufukia mchangani ni kitu anazaliwa nacho, ila mchanga anaoutaka ni ule mlaini usio na harufu. Hii biashara ya mchanga wa dukani yenyewe ni ya juzi tu, ilianza Marekani mwaka 1947 pale Ed Lowe alipompa jirani yake udongo mkavu unaofyonza mafuta autumie badala ya mchanga, kabla ya hapo watu walikuwa wanatumia mchanga, majivu au vumbi la mbao. Kwa hiyo paka wako akikataa ile yenye harufu ya lavenda au vile vidonge vya mbao iliyoshindiliwa, hajaharibika. Manukato yale yamewekwa kwa ajili ya pua yako wewe.

Namna ya kujua anachotaka: chukua mabeseni mawili matatu ya plastiki yanayofanana, yapange pamoja, kila moja na kitu chake. Moja mchanga wa dukani mlaini unaoganda madonge usio na manukato, lingine mchanga wa mto uliochekechwa, la tatu ile aliyojichagulia mwenyewe, mfano udongo kama ni yule wa kwenye chungu. Kina kama cha vidole vitatu kinatosha. Wiki moja tu beseni moja litakuwa na kazi kuliko mengine na ubishi umeisha.

Mchanga wa kawaida ndo nafuu, ila usiuchote kwenye lundo la ujenzi ukaumwaga ndani hivyohivyo, paka wa mtaa mzima wanajisaidia pale. Chekecha utoe kokoto, umwagie maji yanayochemka, afu uuanike kwenye bati jua kali mpaka ukauke kabisa, wa baharini uusuuze chumvi kwanza. Maranda ya kwa fundi seremala yanafaa kama ni mbao isiyopakwa dawa, ila yanatapakaa nyumba nzima. Majivu mimi siyashauri, vumbi tupu.

Ukishajua anachopenda na bado unataka umrudishe kwenye wa dukani, mfano kwa sababu mchanga wa kawaida haugandi na inabidi uumwage mara kwa mara, basi mchanganyie kidogokidogo. Robo ya mpya na robo tatu ya wa zamani, akiendelea kutumia siku kadhaa unaongeza. Akigoma, rudi hatua moja nyuma, ukilazimisha utafua mashuka.

Saa ingine mchanga hauna kosa, kosa ni beseni. Liwe refu kama mara moja na nusu ya mwili wa paka, yale yenye mfuniko wengi hawayapendi maana harufu inabaki humohumo. Lisikae karibu na chakula chake wala pembeni ya mashine ya kufulia. Paka wawili wanahitaji mabeseni matatu, najua nyumba zetu ni ndogo, lakini hapo ndo ugomvi unapoanzia. Uchafu utolewe kila siku, na kama kuna mjamzito ndani hiyo kazi aifanye mtu mwingine kwa sababu ya toksoplasma, vimelea vya kwenye kinyesi cha paka vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwenye kusafisha ndo wengi wanakosea. Usimwage Jik kwenye mkojo, vikikutana vinatoa hewa kali inayochoma kifua. Dettol nayo weka mbali, dawa za aina ile ni sumu kwa paka, anakanyaga afu anajilamba miguu. Sabuni ya kawaida na maji inatosha kwa beseni, na kwenye zulia au godoro nyonya mkojo kwa kitambaa kikavu kwanza, afu tumia dawa ya vimeng'enya (enzymes, zinavunjavunja mkojo) inayouzwa maduka ya wanyama, ukikosa basi siki iliyochanganywa na maji, maana yeye akiisikia harufu yake pale atarudi palepale.

Na mchanga uliotumika usiumwage chooni, hasa huu unaoganda, utaziba bomba. Funga kwenye mfuko uende na takataka, na usiumwage kwenye tuta la mchicha.