Jinsi ya kulala ukiwa na wochi za meli, kwa wadogo zangu wa Tanga

Wadogo zangu mnaosubiri meli hapo Tanga, kozi mmefanya na vyeti mnavyo, ila sidhani kama kuna mtu kawakalisha chini akawaambia mtalala vipi, na mimi naona hilo linavunja watu kuliko mawimbi.

Wochi, yaani zamu za kusimama kazini melini, mtakazokutana nazo sana ni mbili. Kuna nne kwa nane, unasimama masaa manne unapumzika nane, mara mbili kwa siku. Alafu kuna sita kwa sita, ambayo ipo sana kwenye meli ndogo zenye watu wachache. Hiyo ukiiangalia kwenye karatasi unapumzika masaa 12, lakini toa kula, kuoga, kuswali, kufua, kupiga simu nyumbani ukibahatisha netiweki, unabaki na masaa manne ya usingizi, na baadae mengine manne ukijitahidi, na hayo mawili ukiyaunganisha hayakupi ule usingizi uliozoea kwa mama.

Mimi yamenikuta. Sita kwa sita, siku ya tisa, tunarudi Tanga, saa kumi na nusu alfajiri. Nimesimama briji, kile chumba cha kuongozea meli, nimeshika reli, macho wazi kabisa, nikashtukia ngalawa mbele yetu haina taa, mzee anapunga tochi ya simu, karibu mpaka naona mshipi wake unachuruzika maji. Tulimkwepa. Dakika zilizotangulia sizikumbuki mpaka leo na wala sikuwa nimekaa.

Kwahiyo cha kwanza, jua saa yako mbaya. Kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja alfajiri mwili unapoa na akili inashuka hata kama ulilala, hapo usikae kwenye kiti, tembea, ongea na mwenzio wa lukauti, yule anayeangalia mbele, na ile alamu ya briji ya kukuamsha msiizime kamwe.

Cha pili ndo kikubwa, chagua usingizi mmoja uwe wa kweli na uulinde. Ukiwa wochi ya saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri, ukishuka nenda kitandani moja kwa moja, usikae mesi, chumba cha kulia, na simu, jua likichomoza ukiwa macho mwili unaamini kumekucha na usingizi unakukimbia. Dirisha la kabini ziba kwa boksi, kanga inapitisha mwanga. Jioni ongeza saa moja na nusu hivi kabla ya wochi, ila amka nusu saa mapema, mtu aliyetoka usingizini dakika hiyohiyo asipewe meli. Kahawa kunywa mwanzoni mwa wochi tu, maana baada ya masaa matano karibu nusu yake bado ipo mwilini.

Na mjue haki yenu. Kanuni za kimataifa, STCW ya mafunzo na wochi za mabaharia na MLC ya 2006 ya kazi za baharini, zinasema mapumziko yasipungue masaa 10 ndani ya 24, na 77 kwa siku saba, yakigawanywa yasizidi vipande viwili na kimoja kiwe angalau masaa 6. Kuna meli nimefanya kazi fomu za masaa ya mapumziko zinaletwa zishajazwa, we unasaini tu, inauma sana. Weka daftari lako, andika ulicholala kweli. Mwaka 2010 meli ya makaa Shen Neng 1 ilipanda mwamba huko Australia, chifu ofisa wake, msaidizi wa kapteni, alikuwa amelala masaa mawili na nusu tu katika masaa 38 na nusu yaliyopita, na alikuwa mtu wa kazi kama nyie.

Ukiwa wochi ukasoma dira mara mbili na bado hujui umesoma nini, usijikaze, mpigie kapteni kabini hata kama ndo kwanza kalala. Mwambie hivi, kapteni nasinzia, naomba mtu.