Namna ya Kufundisha Habari za Mfalme Taizong: Tarehe Kwanza, Riwaya Baadaye

Mwalimu wa historia mjini Tabora anayetaka wanafunzi wake watenganishe kumbukumbu na ngano angeweza kuanza na Mtemi Mirambo, ila wengi wamekwisha kuzisikia habari zake nyumbani na hawakubali kirahisi zipekuliwe. Ni afadhali kuanza na mtawala wa mbali, Taizong wa nasaba ya Tang, aliyetawala China kuanzia mwaka 626 hadi 649.

Tangulia na tarehe. Eleza kwamba Julai 626, kwenye lango la Xuanwu jijini Chang'an, Li Shimin, kama alivyoitwa kabla ya kutawazwa, aliwavizia kaka yake Jiancheng, mrithi wa kiti, na mdogo wao Yuanji; wote wawili wakauawa, na haukupita muda baba yao akamwachia ufalme. Eleza pia kwamba baadaye aliomba kusoma kumbukumbu za utawala wake mwenyewe, jambo lililokuwa kinyume cha desturi, ili wanafunzi wasizipokee hati za serikali kama msahafu.

Ndipo uwasomee, bila haraka, sehemu ya riwaya ya Safari ya Magharibi, iliyochapishwa mwaka 1592, ambamo Taizong anashuka kuzimu. Karani Cui Jue anafungua daftari la uhai, anaona mfalme amepangiwa kufa mwaka wa 13 wa utawala wake, naye kwa siri anaongeza mistari miwili ya wino. Mwite mwanafunzi achore ubaoni: moja ya Kichina ni mstari mmoja wa kulala, tatu ni mistari mitatu, hivyo 13 inageuka 33. Kisha waache wapige hesabu wenyewe; watagundua kwamba Taizong wa kweli alifariki katika mwaka wa 23.

Wasikimbilie kusema riwaya ni uongo mtupu. Humo kuzimu, Jiancheng na Yuanji wanamkamata ndugu yao wakidai roho zao, na kwa maoni yangu hapo mtunzi anaikumbuka damu ya lango la Xuanwu waziwazi kuliko waandishi wa kasri.

Zoezi la mwisho lihusu Xuanzang, mtawa wa Kibuddha aliyesafiri hadi India kutafuta maandiko ya dini yake, ambaye katika riwaya anaagwa na mfalme kwa heshima zote, ilhali kihistoria aliondoka bila kibali na akapokewa vizuri aliporudi mwaka 645. Kila mwanafunzi aandike aya moja akieleza kwa nini mtunzi alihitaji baraka ya mfalme.